Charles Swynnerton

Charles Francis Massy Swynnerton (3 Desemba 1877 – 8 Juni 1938) alikuwa mwanabiolojia na mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Uingereza katika Tanganyika, yaani Tanzania Bara ya leo. Alikuwa msimamizi mkuu wa kwanza wa wanyamapori wa Tanganyika kuanzia mwaka 1919, na kuanzia mwaka 1929 aliongoza idara ya utafiti wa mbung'o iliyokuwa na makao yake Shinyanga.

Anakumbukwa hasa kwa kuonyesha kwamba mbung'o hutegemea aina fulani za uoto, na kwamba kuenea au kurudi nyuma kwao kunahusiana na namna watu wanavyokaa na kutumia ardhi. Mawazo hayo yaliathiri sera za ardhi, misitu na makazi katika sehemu nyingi za Tanganyika, zikiwemo nyanda za juu za Kibondo na Kasulu katika Mkoa wa Kigoma wa leo. Urithi wake una pande mbili: alisimamia hifadhi ya wanyamapori, lakini njia alizozieneza za kupambana na mbung'o ziliondoa misitu mingi ambayo Watanzania walilazimika kuirudisha miaka mingi baadaye.

Maisha ya awali

Swynnerton alizaliwa Lowestoft, katika wilaya ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana aliyehudumu Uhindi, na Charles aliishi huko sehemu ya utoto wake. Alisoma katika shule ya Lancing, kusini mwa Uingereza.

Akiwa bado kijana alihamia Afrika ya kusini. Huko alifahamiana na mtaalamu wa wadudu Guy Marshall, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya wadudu ya Dola la Uingereza mjini London. Mwanzoni mwa karne ya 20 Swynnerton alikuwa meneja wa shamba la Gungunyana karibu na msitu wa Chirinda, katika Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo), si mbali na mpaka wa Msumbiji. Alikaa huko karibu miaka ishirini.

Utafiti katika msitu wa Chirinda

Swynnerton hakuwa profesa wala mwajiriwa wa makumbusho. Alifanya utafiti wake pamoja na kazi za shamba. Alikusanya mimea, ndege na wadudu, akavituma London kwa wataalamu. Mwaka 1911 chama cha Linnean cha London kilichapisha orodha ndefu ya mimea aliyoikusanya katika eneo la Gaza, na spishi kadhaa zilikuwa mpya kwa sayansi.

Ndege mmoja mdogo wa misituni aliyemkusanya alipewa jina lake mwaka 1906, na leo anajulikana kwa jina la kisayansi Swynnertonia swynnertoni. Ndege huyo anapatikana pia Tanzania, katika misitu ya milima ya Udzungwa na Usambara Mashariki, na ameorodheshwa miongoni mwa spishi zilizo hatarini kwa sababu misitu anayoishi inapungua.

Kati ya miaka 1908 na 1913 alifanya majaribio mengi kuhusu rangi za vipepeo. Aliwapa ndege na wanyama wengine vipepeo wa aina mbalimbali, akaandika ni wapi walioliwa na ni wapi waliokataliwa. Alitaka kujua kama rangi za kuonya na rangi za kuigana huwalinda vipepeo dhidi ya maadui wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1919.

Mbung'o na historia ya Mossurise

Mwaka 1918 Swynnerton alichunguza tatizo la mbung'o katika eneo la Mossurise, upande wa Msumbiji. Mbung'o ni nzi wanaonyonya damu. Wanaambukiza vimelea wanaoitwa trypanosoma, ambao husababisha nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Ng'ombe wa kawaida hawawezi kukaa muda mrefu mahali penye mbung'o wengi.

Katika uchunguzi huo hakutazama wadudu peke yao. Aliwauliza wazee wa eneo kuhusu maisha ya zamani. Walimweleza kwamba wakati wa Mzila, mfalme wa Gaza aliyefariki mwaka 1884, watu wengi walikaa pamoja katika sehemu zile, wakilima, wakikata vichaka na kuwinda. Ng'ombe walistawi. Mwaka 1889 mwana wake, Ngungunyane, alihamia kusini pamoja na watu wengi. Mashamba yaliachwa, vichaka vikarudi, wanyamapori wakaongezeka, na mbung'o wakafuata.

Swynnerton alihitimisha kwamba mbung'o walikuwa wamezuiliwa na kazi ya watu wenyewe, si na dawa wala amri ya serikali. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1921 na ikawa msingi wa fikra zake zote za baadaye. Miaka hamsini baadaye mwanaikolojia John Ford aliirudia habari ya Mossurise katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu magonjwa ya trypanosoma barani Afrika, akionyesha kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa na njia zao za kudhibiti maradhi hayo kabla ya ukoloni kuzivuruga.

Msimamizi wa wanyamapori wa Tanganyika

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilichukua utawala wa sehemu kubwa ya iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1919 Swynnerton aliteuliwa kuanzisha na kuongoza idara ya wanyamapori.

Kazi hiyo ilikuwa na majukumu yaliyopingana. Idara ilitakiwa kulinda wanyama dhidi ya uwindaji wa kupita kiasi. Wakati huohuo ilitakiwa kulinda mashamba ya wakulima dhidi ya tembo, viboko na nguruwe, na kushughulikia mbung'o, ambao damu yao ya kila siku hutoka kwa wanyama haohao.

Katika kipindi chake zilitungwa sheria za kuhifadhi wanyama za utawala wa Kiingereza, na mwaka 1922 mapori ya akiba ya kusini yaliyoanzishwa na Wajerumani yaliunganishwa na kupewa jina la Selous, kwa kumbukumbu ya mwindaji Frederick Selous aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917. Sheria hizo zilitegemea leseni za uwindaji. Wenye pesa, wengi wao Wazungu, waliweza kununua leseni, lakini Mwafrika aliyewinda kwa chakula kama walivyofanya babu zake aliweza kushtakiwa. Malalamiko juu ya tofauti hiyo yaliendelea katika kipindi chote cha ukoloni.

Kazi ya Shinyanga

Mwaka 1922 mlipuko wa malale ulitokea upande wa Maswa, kusini mwa Mwanza. Swynnerton alitumwa kuuchunguza. Huko alikuta aina ya mbung'o ambayo haikuwa imeelezwa bado na wanasayansi. Mwaka 1923 ilipewa jina Glossina swynnertoni. Aina hii inapatikana kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya tu, hasa katika nyika kavu za migunga.

Pamoja na watemi wa Usukuma, Swynnerton alianzisha kazi za pamoja za kufyeka vichaka katika Shinyanga. Maelfu ya watu walikusanyika wakati wa kiangazi kukata miti kwa mashoka, hasa pembezoni mwa maeneo ya malisho. Wasukuma walikuwa wafugaji na walikuwa wanapoteza ng'ombe, kwa hiyo wengi waliona faida ya kazi hiyo. Ardhi iliyofyekwa ilijazwa na watu na mifugo ili vichaka visirudi.

Mwaka 1929 serikali ilianzisha idara ya utafiti wa mbung'o, na Swynnerton akawa mkurugenzi wake. Alikusanya wataalamu wa fani mbalimbali, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo. Miongoni mwao walikuwa mtaalamu wa mimea B. D. Burtt, mwanaikolojia John Phillips kutoka Afrika Kusini, na C. H. N. Jackson, ambaye aliwatia mbung'o alama za rangi, akawaachilia na kuwakamata tena ili kukadiria idadi yao. Kazi ya kukamata nzi porini kila siku ilifanywa na wasaidizi wa Kiafrika, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye makala za kisayansi.

Mbinu alizojaribu

Mbung'o jike hazai mayai mengi kama nzi wengine. Huzaa buu mmoja kwa wakati mmoja, na buu huyo hujichimbia kwenye udongo penye kivuli. Kwa sababu uzazi wake ni wa polepole, hata upungufu mdogo wa kivuli, chakula au mahali pa kuzalia unaweza kumaliza kundi zima katika eneo fulani. Swynnerton alijenga mbinu zake juu ya jambo hilo:

• Kufyeka kwa kuchagua: kukata aina zile tu za miti ambazo mbung'o wa eneo hilo huzitegemea, badala ya kukata msitu wote.

• Kuchelewesha moto: kuzuia nyasi zisichomwe mapema, kisha kuzichoma mwisho wa kiangazi ili moto mkali uangamize vichaka.

• Kuzuia moto kabisa: katika sehemu zenye Glossina swynnertoni, anayependa nyika iliyo wazi, vichaka viliachwa visongamane hadi pasimfae.

• Mikanda ya wazi: kufyeka ukanda mpana ambao mbung'o hawauvuki kwa urahisi.

• Mitego: alibuni mitego iliyofanana na umbo la mnyama, akachapisha maelezo yake mwaka 1933.

• Makazi ya pamoja: kuwaweka watu kwa wingi mahali pamoja ili kilimo chao kizuie vichaka.

Swali la kuua wanyamapori lilibaki gumu. Katika Rhodesia ya Kusini zaidi ya nusu milioni ya wanyama waliuawa katika miongo iliyofuata mwaka 1932 kwa ajili ya kuondoa mbung'o. Swynnerton aliweka mkazo kwenye uoto. Hata hivyo, baada ya kifo chake, Shinyanga nayo ilifanyiwa jaribio la kuangamiza wanyama lililoanza mwaka 1945, na maelfu ya wanyama waliuawa.

Mwaka 1936 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika ya Mashariki, ambacho kilikusanya matokeo ya idara yake na kutumika kama rejea kwa miaka mingi.

Athari katika Kibondo na Kasulu

Nyanda za juu za Buha, nchi ya Waha, zina nyasi na mashamba upande wa magharibi. Kwa upande wa mashariki na kusini zinashuka kuelekea misitu ya miombo na mabwawa ya mito Moyowosi na Malagarasi. Miombo ni makazi ya mbung'o aina ya Glossina morsitans.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 eneo hili lilipatwa na mapigo mfululizo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi. Ikafuata ndui, kisha vita ya mwaka 1914 hadi 1918, ambapo jeshi la Wabelgiji liliingia Kigoma na kuitawala hadi mwaka 1921. Chini ya Waingereza vijana wengi wa Kiha walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani, na walijulikana kama manamba. Nguvu kazi ya kulima na kufyeka ilipungua, na pori likasogea karibu na nyumba za watu. Hali hiyo ilifanana na ile ambayo Swynnerton aliieleza huko Mossurise.

Malale yalipoenea magharibi mwa Tanganyika, serikali iliamua kuwahamisha watu waliotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa. Kazi hiyo ilisimamiwa zaidi na idara ya tiba, hasa katika miaka ya 1930, lakini ilitumia kanuni ileile: watu wengi wakikaa na kulima pamoja, mbung'o hurudi nyuma. Buha ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa.

Hatua hiyo ilipunguza maambukizi mahali pengi. Lakini familia zilipoteza mashamba, migomba na makaburi ya wazee wao, na hazikuulizwa kama zinakubali. Ardhi waliyoiacha ikawa pori tupu, na mbung'o na wanyamapori wakaendelea kuongezeka humo. Baadaye watu walioangalia ramani waliyaona mapori hayo kama asili isiyowahi kuguswa na binadamu, ingawa sehemu zake zilikuwa mashamba na njia za wafanyabiashara wa zamani. Mwaka 1972 operesheni ya vijiji vya ujamaa ilipoanza Kigoma, wakazi wa wilaya hizi walihamishwa tena na kukusanywa pamoja.

Pori la Akiba la Moyowosi lilitangazwa mwaka 1981. Mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi, yenye eneo la hekta zipatazo 3,250,000, ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Ni makazi ya korongo nyangumi, nzohe, viboko, mamba na samaki wengi. Kwa miaka mingi mlinzi mkubwa wa eneo hilo alikuwa mbung'o mwenyewe, kwa kuwa wafugaji hawakuweza kuingiza ng'ombe. Dawa za mifugo zilipopatikana kwa urahisi, kinga hiyo ilipungua, na makundi ya ng'ombe yalianza kuingia hata ndani ya hifadhi.

Shinikizo lingine lilitokana na vita vya Burundi na Kongo. Tangu mwaka 1993 Kibondo na Kasulu zimepokea mamia ya maelfu ya wakimbizi katika kambi kama Nduta na Nyarugusu. Mahitaji ya kuni, miti ya kujengea na nyama yalipunguza misitu iliyo karibu na kambi. Wakati huohuo malale hayakutoweka: wagonjwa wameendelea kupatikana katika wilaya hizi hata mwishoni mwa karne ya 20.

Kifo

Swynnerton alifariki tarehe 8 Juni 1938 katika ajali ya ndege katikati ya Tanganyika. Alikuwa na umri wa miaka 60. Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara yake, alikufa katika ajali hiyohiyo. Tanganyika ilipoteza kwa siku moja watu wawili walioijua zaidi mimea na wadudu wa nyika zake. Sehemu ya maandishi ya Burtt kuhusu uoto wa Afrika ya Mashariki ilichapishwa baada ya kifo chake.

Familia

Wanawe wawili waliendelea na kazi za ardhi na wanyama katika Afrika ya Mashariki. Gerald Swynnerton alikuwa msimamizi wa wanyamapori wa Tanganyika katika miaka ya 1950, na alishiriki kuandika orodha ya mamalia wa Tanganyika na Zanzibar iliyotolewa mwaka 1951. Roger Swynnerton alikuwa afisa wa kilimo, kwanza Tanganyika na baadaye Kenya. Yeye ndiye aliyetunga Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ambao uliharakisha umilikaji wa ardhi kwa hati binafsi na kilimo cha mazao ya biashara miongoni mwa Waafrika wa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Kwa sababu hiyo jina Swynnerton nchini Kenya humkumbusha zaidi mtoto kuliko baba.

Urithi na tathmini

Kazi ya Swynnerton ilikuwa miongoni mwa tafiti za kwanza za ikolojia katika Afrika ya Mashariki zilizotazama wadudu, mimea, moto, wanyama na watu kama mfumo mmoja. Kituo cha Shinyanga kiliendelea kutoa matokeo muhimu baada yake. Katika miaka ya 1940 mtafiti F. L. Vanderplank alijaribu huko kuwaachilia mbung'o wa spishi moja katika eneo la spishi nyingine. Walipopandana, uzao ulipungua sana. Wazo hilo linakaribiana na mbinu ya kuachilia madume tasa, iliyotumika kumaliza mbung'o katika kisiwa cha Unguja mwaka 1997 bila kufyeka msitu wa Jozani.

Upande wa pili wa urithi wake unaonekana Shinyanga kwenyewe. Ufyekaji wa miti kwa ajili ya mbung'o uliendelea kwa miongo kadhaa, ukaongezwa na kilimo cha pamba na wingi wa mifugo, hadi sehemu kubwa ya mkoa ikawa tupu. Kuni na malisho vikaadimika, na udongo ukamomonyoka. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mradi ulifanikiwa pale ulipokubali kutumia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili itumike kiangazi. Hekta laki kadhaa zilirudishiwa miti, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa.

Wanahistoria kama Helge Kjekshus, aliyeandika mwaka 1977, wamesisitiza kwamba kuenea kwa mbung'o katika Tanganyika kulitokana na kuvunjika kwa jamii wakati wa ukoloni, na kwamba serikali ileile ndiyo iliyojitokeza baadaye kama tabibu. Swynnerton alikuwa amekaribia hoja hiyo aliposikiliza wazee wa Mossurise. Tofauti ni kwamba Mzila na watu wake walidhibiti pori kwa faida yao wenyewe, ilhali katika Buha uamuzi wa nani akae wapi ulitoka kwa maafisa wa serikali. Swali hilo bado lipo mbele ya wilaya za Kibondo na Kasulu kila mara mpaka wa hifadhi, kijiji au kambi unapochorwa upya.